Hodi Bila Kipanya

Mjomba wangu ana nyumba ya wageni mjini Lamu, vyumba vinne. Presha ya macho ilimpokonya nuru polepole, na nilipoingia chuo alikuwa hatambui tena sura ya mtu. Lakini mitaa anaijua. Anapapasa ukuta kwa mkono wa kushoto, anahesabu madaka, akisikia kwato za punda anajibanza mpaka apite. Hajawahi kukosea mlango.

Karo yangu alilipa yeye. Kwa hiyo nilipojua kujenga tovuti, ya kwanza ikawa yake, na niliipamba kwelikweli. Juu niliweka menyu kunjuzi: ukipitisha kipanya kwenye neno "Vyumba", orodha inateremka taratibu kama pazia. Picha, bei, namna ya kuweka nafasi, vyote vilikuwa humo. Nikatuma linki kwenye grupu la familia, watu wakamwaga maua. Mjomba akasema, "Mashallah."

Wiki mbili baadaye nikaenda nyumbani. Nikamkuta dakani na laptopu yake kuukuu, akitumia NVDA, kisoma skrini cha bure ambacho Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kukiunda mwaka 2006.

"Ndoo hapa," akaniambia.

Akabonyeza Tab. Sauti ya kiroboti ikasoma "Mwanzo". Tab tena: "Wasiliana Nasi". Vyumba vimerukwa. Akarudia, yale yale.

"Mwanangu, nyumba ni yangu, lakini ndia ya kungia siioni. Mlango u wapi?"

Kumbe alikuwa akijaribu kila jioni, akidhani kosa ni lake. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu asiyekosea mlango mji mzima, nimemfanya ajione mjinga mlangoni pake mwenyewe.

Usiku ule nikafungua msimbo. Neno "Vyumba" nilikuwa nimeliweka ndani ya div tupu. Kwa jicho ni kitufe. Kwa kibodi si kitu, Tab inalipita tu. Na orodha yenyewe imefichwa mpaka kipanya kipite juu yake. Asiye na kipanya je? Hata wa simu: kidole hakielei juu ya kioo. Kanuni za WCAG zinasema wazi tangu toleo la 2.0 la mwaka 2008: kinachofanyika kwenye ukurasa kiwezekane kwa kibodi. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Zote nilizisoma. Nilizisoma za mtihani.

Nikaitoa div, nikaweka button halisi, inayoitika kwa Enter na kwa Space. Nikaongeza aria-expanded, ili kisoma skrini kimwambie kama orodha imekunjwa au imefunguka. Esc ikawa ya kuifunga na kumrudisha kwenye kitufe, asiachwe hewani.

Kisha ujuaji ukanizidi, nikabandika na role ya menu, nikidhani ndiyo utaalamu. Asubuhi Mjomba akapotea tena. Jina hilo linamwahidi mtu menyu kama ya programu ya kompyuta, ya kutembea kwa mishale, na mishale sikuiunda. Nikaifuta. Orodha ya kawaida ya viungo ilitosha.

Kwetu hodi ina utaratibu wake. Unabisha, unangoja, wa ndani anaitika, ndipo unajua uingie au urudi. Menyu yangu ya kwanza haikuwa na pa kubisha wala wa kuitika. Sasa, kabla ya kukabidhi kazi yoyote, kipanya nakitia kwenye droo na kupita ukurasa wote kwa kibodi. Dakika kumi tu.

Mjomba alijaribu tena adhuhuri. Tab, Tab, Enter. Sauti ikasema imefunguka. Akakaa kimya akisikiliza vyumba vyake, kimoja kimoja, mara akaruka.

"Chumba cha juu elfu tatu? Nani kakwambia?"

Ilikuwa elfu tano. Kwa wiki mbili dunia nzima ilisoma bei ya makosa, isipokuwa mwenye nyumba. Nikaketi kando yake pale dakani, tukaanza kusahihisha.