Kodi Inafutwa, Taka Zinabaki

Wahasibu wa halmashauri tunauogopa mwezi wa Juni. Wenzetu husikiliza hotuba ya bajeti kwa ajili ya bei ya soda na petroli. Sisi tunasubiri pale Waziri wa Fedha anapofika kwenye ada na tozo za serikali za mitaa. Akitaja "kupunguza kero kwa wananchi", wabunge wanapiga meza, nami navuta kalkuleta.

Nimeshika vitabu vya mamlaka ya mji mdogo kwa miaka mingi. Mji mdogo una mtendaji wake na baraza lake lenye wenyeviti wa vitongoji, ila mfuko wenyewe uko halmashauri ya wilaya. Sisi ndio wenye stendi, soko, maduka na nyumba za wageni, kwa hiyo tunakusanya. Fedha ikishafika wilayani inagawanywa na madiwani ambao wengi wametoka kata za vijijini, na diwani anayedaiwa darasa kwao hatapigia kura trekta la taka la mjini. Simlaumu, ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Mishahara na miradi mikubwa hutoka Hazina. Dizeli ya trekta, taa za stendi, vibarua wa kufagia soko na kuzibua mitaro, hivyo vyote hutegemea mapato ya ndani, na humo ndimo mkasi ulimopita.

Tuanze na kodi ya majengo. Mwaka wa fedha 2016/17 ukusanyaji wake ulianza kuhamia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwaka uliofuata ada ya mabango nayo ikaenda. Watu walidhani tunalilia fedha. Kwa mji kama wetu haikuwa nyingi hivyo. Hasara kubwa ilikuwa rejista. Ili umdai mtu kodi ya jengo, ilibidi uzunguke kitongoji kwa kitongoji ukiwa na mwenyekiti: nani amejenga, nani ameuza, ukuta wa nani umeingia kwenye hifadhi ya barabara, mtaro upi umefukiwa ili gari lipate kuingia uani. Kazi ilipoondoka, mizunguko ile ilikosa fungu, na baada ya misimu michache ya mvua tukawa tunajua mafuriko yametokea wapi bila kujua yameanzia kwa nani. Mwaka 2021 kodi hiyo iliingizwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa kukusanya, sijaona njia nyepesi kuliko hiyo. Ila mara nyingi anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme, si mwenye nyumba, na jengo lisilo na mita halifikiwi na LUKU.

Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Mkulima alistahili nafuu ile. Nimewahi kumkuta mama amezuiwa kwenye geti la ushuru kwa magunia mawili ya karanga, na wakala hataki hata kumsikiliza. Lakini wafanyabiashara ndio waliosoma sheria haraka zaidi: Fuso linashusha kabla ya geti, magunia tisa tisa yanavuka kwa kirikuu, mzigo unapakiwa upya upande wa pili. Kijana wetu mwenye mashine ya POS anabaki kuziangalia lumbesa zinavyopita.

Kisha, Desemba 2018, vikaja vitambulisho vya wajasiriamali: shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4, na mwenye nacho hakutozwa ushuru mwingine. Tulikwenda sokoni na mashine zetu, tukaonyeshwa vitambulisho.

Nani aliamua usafi upunguzwe? Hakuna. Sijawahi kuona muhtasari wa kikao uliosema hivyo. Posho za vikao zina utaratibu wake. Asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu imewekwa kisheria. Fungu la miradi ya maendeleo lina mkaguzi anayelifuatilia. Dizeli haina mtetezi, kwa hiyo dokezo lake linarudi na maneno "subiri makusanyo". Trekta lililokuwa likizoa kila siku linazoa siku ya gulio tu, tairi likipasuka linalala wiki nzima, na kibarua anayedai ujira wa miezi miwili anaacha kuja bila kuaga. Hotubani mwananchi amepunguziwa mzigo, na ni kweli amepunguziwa. Mzigo wa pili hausomwi Dodoma.

Sokoni kwetu unasomwa. Baada ya guba la nyuma ya mabucha kufika usawa wa dirisha, wafanyabiashara waliunda kamati yao na kumkodi kijana mwenye guta. Kila meza inatoa shilingi 300 kwa siku. Ushuru wetu ulikuwa 200, wenye stakabadhi, na choo kikiwa na maji. Za kamati zinaandikwa kwenye daftari la mweka hazina wao, muuza dagaa, ambaye aliniomba nimfundishe kufunga hesabu za mwezi. Tumekubaliana Jumamosi mchana, baada ya mnada.