Mpiga Kopi

Nilipoanza kushika gitaa, bendi isiyo na nyimbo zake haikuhesabiwa kuwa bendi. NUTA Jazz walikuwa na mtindo wao wa Msondo, Western Jazz Saboso, Morogoro Jazz Sululu, na Mlimani Park walipoanzishwa mwaka 1978 wakaja na Sikinde. Ukipanda jukwaani na nyimbo za wenzako uliitwa mpiga kopi, na aliyekuita hivyo alikuwa ameshakupanga kundi moja na wachezesha santuri. Mimi nimepiga kopi karibu maisha yangu yote ya kazi: Tanga, pwani ya Mombasa, Muscat, na sasa kumbi za harusi za Dar es Salaam. Watoto wangu wamesoma kwa nyimbo ambazo sikutunga hata mstari mmoja. Sioni aibu. Ninachokiona ni kwamba kazi yenyewe haieleweki, hata kwa wanaoilipia.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, katika mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ndugu kina Kinyonga walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye Kenya, walikounda Simba Wanyika, kwa hiyo kwetu mtoto aliyependa gitaa hakuwa na haja ya kutafuta mifano mbali. Tatizo lilikuwa gitaa lenyewe. Siku hizo vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mwenye bendi mara nyingi alikuwa chama cha wafanyakazi, jeshi, kiwanda au shirika la umma. Mazoezi yakiisha, gitaa linarudi stoo na wewe unarudi nyumbani na vidole vyako.

Mwalimu wetu alikuwa redio. Radio Tanzania ilirekodi bendi katika studio yake na kuziweka nyimbo kwenye mikanda yake, na nyingi hazikuwahi kufika dukani. Ukiutaka wimbo ulikaa kuusubiri kwenye vipindi vya salamu, kidole kikiwa juu ya kitufe cha redio kaseti ya mjomba. Mtangazaji akizungumza juu ya utangulizi wa solo, umeukosa utangulizi mpaka siku nyingine Mungu akipenda. Betri zikichoka tulizianika juani, zikapata nguvu za kumalizia jioni ile. Ila betri iliyoanikwa haizungushi mkanda kwa mwendo wake. Wimbo uliopigwa kwenye G unashuka, unakaa mahali ambapo si G wala si F-shapu, na wewe mazoezini unalegeza nyuzi zote sita uukute hukohuko. Kaseti ikinakiliwa kwa jirani mwenye mashine inayokimbia, wimbo uleule unapanda. Nilikuwa na nakala mbili za "Shida" ya Mbaraka Mwinshehe zilizotofautiana karibu kii nzima. Hakuna chuo kingenifundisha kusikiliza kama zile kaseti mbovu, na vijana wa leo wanaopunguza mwendo wa wimbo kwenye simu bila sauti kushuka nawaonea wivu kidogo tu.

Katikati ya miaka ya 1980 nilivuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa. Bendi nyingi za hoteli za pwani ya kusini zilikuwa na nafasi kwa mtu anayejua kupiga kila kitu, na malipo, hata yakichelewa, yalikuwa bora kuliko mshahara wa bendi ya shirika. Hoteli iliyotuajiri ilitukata chakula kwenye mshahara huku ikituambia tunakula bure. Tulivaa mashati ya kitenge ya rangi moja, tukaanza saa moja na nusu usiku watu wakiwa bado mezani: Jim Reeves, Kenny Rogers, Lionel Richie, polepole, sauti ya chini, mtu asisumbuliwe na samaki wake. Mwimbaji wetu, kijana wa Kisauni, aliandika maneno ya Kiingereza kwenye daftari kwa tahajia ya Kiswahili, na alipokuja kuongeza nyimbo za Kijerumani akatumia daftari lilelile. Wajerumani walimpongeza kwa lafudhi yake. Hakuwa akielewa neno.

Saa tatu mambo yalibadilika. Hapo ndipo ilipoingia "Malaika", na baada ya mwaka 1982 hakukuwa na usiku wa hoteli bila "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, nao walikuwa bendi ya hoteli kama sisi, ila wao walitunga. Boney M walikuwa wameshaurudia wimbo ule, na tulipata wageni waliodhani ni wa Boney M na kutushukuru kwa kuupiga vizuri. Tulizipokea shukrani.

"Malaika" ilinifundisha zaidi. Tuliipiga hata mara mbili kwa usiku mmoja, na nilizoea kutazama nani anainua kichwa wakati gani. Wageni waliijua ya Miriam Makeba au ya Boney M. Wahudumu waliokuwa wakibeba sahani waliijua ya Fadhili William. Tukiipiga kwa upana, taratibu, sauti ikivutwa, mezani watu walishikana mikono. Tukiirudisha kwenye gitaa jepesi la Fadhili, mezani hakuna aliyejali, lakini mlango wa jikoni ulifunguka na mpishi alisimama na kofia yake mpaka mwisho. Wimbo mmoja, ukumbi mmoja, na watu wa pande mbili za mlango uleule wakidai vitu tofauti. Kiongozi wa bendi alisema tufuate wanaolipa. Mimi kwenye duru ya pili niliingiza kile kigitaa cha Fadhili kwa chini, chini ya sauti, cha jikoni peke yao.

Toka hapo nikaanza kuutazama kila wimbo kwa namna moja, na hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu kazi hii. Kila wimbo wa zamani una misumari michache inayoushikilia. Miwili, mitatu, haizidi. Ukiing'oa hiyo, hata upige noti zote nyingine sawasawa, msikilizaji atakwambia siyo. Ukiiacha mahali pake, kilichobaki ni chako, cheza utakavyo. Mpiga kopi mbaya anakariri wimbo mzima na hajui misumari iko wapi. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Vijana wengi wanaisaka solo ya John Ngereza, wanaipata, wanaringa nayo. Lakini wimbo ule unakaa kwenye besi ya Tom Malanga na rithimu ya Omar Shabani. Nimeshaupiga na waimbaji wa kila aina, wengine wakiimba kama wamebanwa na mlango, na watu wakacheza, kwa sababu besi ilikuwa ileile. Na nimeshaupiga na mwimbaji bora kabisa huku mpiga besi akijipambia, akiweka noti ndogondogo katikati ili tumwone, na uwanja ukabaki wazi.

Kwenye "Hotel California" wageni hawakusamehe kabisa msumari wa mwisho ukikosekana. Ile ni ngumu kwa bendi yenye gitaa moja la solo, kwa sababu mwisho wake ni magitaa mawili, Don Felder na Joe Walsh, yanayoshuka pamoja kwa sauti mbili. Tuliihangaikia mazoezini hadi mpiga kinanda wetu akakubali kuchukua sauti ya pili kwa mkono wa kulia na kuniachia ya kwanza. Ilibidi apunguze kinanda kisinizidi, na mimi nisivute uzi hata kidogo, maana kinanda hakivuti, na tukitofautiana kwa unywele mmoja inasikika. Sehemu zote kabla ya hapo tulizipiga kienyeji tu. Hakuna aliyelalamika hata siku moja.

Usiku wa mapumziko nilikwenda mjini kupiga deiwaka, yaani kazi ya usiku mmoja mmoja, kwenye baa. Huko hakuna mgeni wala kitenge. Baa moja karibu na Majengo ilikuwa na mzee wa bandarini aliyekaa meza ya mbele na chai yake, wala hakunywa kingine. Siku moja tukiwa katikati ya wimbo mmoja wa zamani alinyoosha mkono, tukasimama tukidhani kuna ugomvi. Akasema, "Enyi vijana, hapo santuri hugeuzwa." Alikuwa na haki. Kwenye zile santuri ndogo za wimbo mmoja, wimbo ulikatwa vipande viwili, kila upande na chake. Uimbaji upande wa kwanza, upande wa pili magitaa yanachemka. Yeye wimbo ule aliuishi ukiwa na pengo katikati, la kunyanyuka, kugeuza na kuirudisha sindano. Sisi tulikuwa tunauunga kana kwamba pengo halikuwepo. Tukamhesabia pumzi kadhaa za kimya, kisha tukaingia chemko. Baa nzima ilicheka, halafu ikasimama kucheza. Tangu siku ile, nikipiga mbele ya watu wa umri ule, huiacha nafasi hiyo. Wenye kujua wanajua.

Muscat nilikwenda kwa mkataba, bendi ya watu watano, hoteli yenye zulia linalomeza sauti ya dramu. Wakala alishika pasi zetu za kusafiria na hilo lilinikosesha usingizi mpaka siku ya kurudi. Kazi ya hotelini ilikuwa ileile ya pwani ya Mombasa. Ila mji ule una watu wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na Mombasa, au waliolelewa na mama wa huko, na Kiswahili chao kinatia aibu cha kwetu kwa usafi. Walipojua tupo, wakaanza kutuita majumbani siku za mapumziko. Huko hawakutaka Lionel Richie. Walitaka Juma Bhalo.

Nilicheka moyoni, kwa sababu Juma Bhalo mwenyewe alikuwa bingwa wa kuchukua lahani za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili, na pwani nzima ilimpenda kwa hilo bila mtu kumwita mpiga kopi. Mswahili akichukua lahani ya Bombay ni utamaduni. Mimi nikichukua ya Marijani Rajab nimeishiwa. Lakini nilijifunza nyimbo zile kwa bidii. Tabla sikuwa nayo, niliigonga kwa kiganja kwenye tumba. Jioni moja, nikiwa nimeridhika kabisa na mwendo wangu, bibi mmoja aliyekaa kwenye takia aliniita: "Mwanangu, mbona unaukimbiza? Sisi hatuna pa kwenda."

Nilirudi chumbani nikaisikiliza kaseti. Mwendo wangu ulikuwa uleule wa kaseti, haukuzidi hata kidogo. Bibi ndiye aliyeukumbuka wimbo ukiwa taratibu zaidi ya ulivyorekodiwa. Nimelisikia lalamiko hilo sehemu nyingi toka hapo: pigia watu wimbo wa ujana wao kwa mwendo wake halisi, watakwambia unawakimbiza. Siku hizi nashusha kidogo kabla hawajaniambia. Vijana wa bendi wananibishia na kunionyesha simu yenye wimbo wenyewe. Nawaambia simu haichezi dansi.

Deni moja siwezi kulikalia kimya. Tanzania tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 na chombo chake, COSOTA. Pamoja na hayo, katika kumbi zote za harusi nilizopiga, hakuna mtu aliyewahi kuniomba orodha ya nyimbo nilizopiga usiku ule, ili mwenye wimbo au wanawe wapate chochote. Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya mwaka 1979. Marijani Rajab ametutoka tangu 1995. Kila wikendi kuna mtu anakula kwa nyimbo zao, mmojawapo mimi. "Malaika" imezunguka dunia nzima huku watu wakigombea nani aliitunga. Sina uwezo wa kuwalipa, ila kabla ya kila wimbo nataja mtunzi na bendi yake kwenye maiki, kwa sauti, na mshereheshaji anayeniwahi kabla sijataja huwa namrudishia maiki yake kwa ukali. Wengine wanaona ni uzee.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi Sinza. Mpiga besi wetu aliugua, tukachukua kijana wa deiwaka, mwepesi wa mkono na mwenye adabu. Nikamwambia tutaanza na "Zuwena". Akaitika, akaanza kuijaribu ya Diamond.

"Siyo hiyo, mwanangu. Ya Marijani. Dar International."

"Shikamoo baba," alisema akicheka, "hiyo nitaisikilizia hapahapa."

"Marahaba. Tazama mguu wangu, usitazame mkono."

Kamati ilikuwa imetupa dakika tatu, wimbo mmoja wa wazazi, kisha keki. Tulipomaliza uimbaji nikaona mshereheshaji anagonga saa yake. Nilikuwa najiandaa kufunga, lakini baba wa bwana harusi alikuwa ameshavua koti, na akina mama wa meza tatu za nyuma walikuwa wamesimama na vitenge vyao wakisubiri chemko, maana bila chemko mtu wa rika letu hajasikia "Zuwena". Nikakanyaga mguu mara mbili. Kijana akaushika mwendo papo hapo, noti zake chache, hana mapambo, nikajua huyu ana kazi kwangu Jumamosi ijayo. Mshereheshaji akaja mpaka jukwaani kunikata. Baba mwenye shughuli akamdaka mkono, akamwingiza kwenye mduara na suti yake ya kung'aa, na mpishi wa keki akaambiwa arudishe visu.