Shahada ya Byureti

Watu wa rika langu hatukutoka kidato cha sita tukaingia chuo kikuu moja kwa moja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikwisha kuamua: kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha kazi, ndipo uombe nafasi, barua ya mwajiri ikiwa mkononi. Wenzangu wengi walinung'unika. Mimi, mtoto wa Ng'ambo pale Tabora niliyesoma fizikia, kemia na baiolojia, nilipata kazi kwenye mgodi wa chumvi wa Uvinza, na hadi leo nauhesabu mgodi ule kuwa mwaka wangu wa kwanza wa kemia.

Asiyefika Uvinza hudhani kuna mashimo na giza. Hakuna. Kuna chemchemi za maji ya chumvi kandokando ya mto Ruchugi, karibu na pale unapoingia Malagarasi. Njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita katika nchi hiyo. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke waliivuka Malagarasi mwaka 1858, Stanley akapita mwaka 1871 akilalamikia hongo alizotozwa. Chumvi ile ilikuwa inatafutwa kabla yao wote. Wanaakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba watu waliyachemsha maji hayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanyamwezi na Waha waliifuata huko huko, na mizigo ya Uvinza ilifika Unyanyembe, yaani kwetu Tabora, ikaliwa na wenyeji na wageni wa pwani pamoja.

Kazi yangu ilikuwa ndogo: kuzunguka majarubani na kipimo cha kioo kinachoelea, nikiandika maji yamekolea kiasi gani. Mzee mmoja niliyewekwa chini yake hakukihitaji kioo hicho. Aliyatazama maji tu.

"Kijana, haya ya mwisho usiyavune. Yarudishe mtoni."

"Kwa nini, mzee? Si bado yana chumvi?"

"Yanayo. Ila chumvi yake inalia. Ukiitia guniani, kesho gunia limelowa."

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, nilikuwa bado na swali hilo. Treni ya kati iliyonipeleka huko kutoka Tabora inafuata kwa sehemu kubwa mapito ya wapagazi: Manyoni, Dodoma, Kilosa, Morogoro, zaidi ya kilomita 800. Burton aliyatembea hayo kuja Kazeh, yaani Tabora yenyewe, kwa siku 134. Sisi tulisafiri usiku na mchana, tukala kuku wa Saranda kupitia dirishani, na bado tulilalamika kwamba treni inachelewa.

Jibu la mzee lilikuja katika mhadhara wa inoganiki, kwa sentensi moja tu. Maji ya chumvi ya asili hayabebi sodiamu kloraidi peke yake. Chumvi ya kula hutangulia kuganda, na magnesi hubaki kwenye maji ya mwisho. Magnesi kloraidi huvuta unyevu wa hewa mpaka ikajiyeyusha yenyewe. Nilitaka kunyanyua mkono niseme kwamba nalijua hilo. Sikunyanyua. Mwaka wa kwanza Mlimani hakuna aliyekuwa na ujasiri huo.

Somo la fizikali nalo lilinirudisha Uvinza. Mhadhiri alichora ubaoni mistari ya uyeyukaji. Mstari wa shura ulipanda kama mlima: maji baridi huyeyusha shura kidogo, ya moto huyeyusha nyingi sana, kwa hiyo ukitaka shura safi unayapoza maji tu na fuwele zinajileta. Mstari wa chumvi ya kula ulilala. Gramu 100 za maji zinachukua gramu 36 hivi zikiwa baridi, na 39 zikichemka. Kupoza hakukusaidii kitu. Lazima maji yenyewe yaondoke. Hapo nilielewa kwa nini watu wa Uvinza waliteketeza kuni nyingi namna ile karne nyingi, na kwa nini jua lilikuja kuwa mkombozi wa miti. Shura, kwa wasiojua, ndiyo sehemu kubwa ya baruti nyeusi, robo tatu hivi, nyingine ni kiberiti na makaa. Kwa Mtabora hiyo inamkumbusha Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua ndani ya ngome yake Januari 1893 badala ya kukamatwa na Wajerumani.

Lakini si mihadhara iliyonifanya mkemia. Mihadhara ningeweza kuisoma vitabuni. Kilichonitengeneza ni saa za mchana katika maabara, nikiwa nimesimama, nikitazama tone moja linavyoning'inia kwenye ncha ya byureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki. Sheria zilikuwa kali na nazipenda hadi leo. Unaandika kwa wino. Hufuti, ukikosea unapiga mstari mmoja, namba ya kwanza ionekane. Unarudia titresheni, yaani kule kudondosha na kupima, mpaka majibu yakaribiane ndani ya sehemu moja ya kumi ya mililita. Na unaandika ulichokiona, hata kama jirani yako amepata kingine na jirani ndiye bingwa wa darasa. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko kemia yote.

Wenzangu waliidharau titresheni, wakaiita kazi ya kidato cha nne. Macho yao yalikuwa kwenye oganiki. Nawaelewa: Mlimani ilikuwa ikijijengea jina katika kemia ya mimea, na miaka iliyofuata Profesa Mayunga Nkunya na wenzake walichambua mimea ya jenasi ya Uvaria wakitafuta dawa ya malaria. Ni kazi ya heshima. Mimi sikuwa na kipaji nayo. Mimi nilikuwa mtu wa kupima.

Nikawa mwalimu wa sekondari mkoani kwetu. Nitayapita haraka maisha hayo, maana walimu wa kemia wote wana hadithi moja: maji ya betri yakizimuliwa kuwa tindikali, majivu kuwa alkali, ua jekundu likichemshwa kuwa kionyeshi.

Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilidai chumvi ya kula itiwe madini joto, kwa sababu udongo wa nyanda zetu za juu hauna ayodini ya kutosha, na mama akiikosa, rovu ni dogo kati ya yatakayompata: mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Walitafutwa watu wa kupima, nami nikaazimwa. Nikapanda tena treni ya Kigoma na boksi la vioo: Urambo, Kaliua, Uvinza.

Kipimo chenyewe ni kile kile walichokidharau wenzangu. Unayeyusha gramu 10 za chumvi, unatia tindikali ya salfa kidogo na potasiamu ayodaidi. Kama madini joto yamo, maji yanageuka manjano. Unayaweka gizani dakika 10. Kisha unadondosha sodiamu thayosalfeti mpaka manjano ififie, unatia maji ya wanga, buluu nzito inatokea, unaendelea tone kwa tone hadi buluu inatoweka ghafla. Hapo unafunga na kusoma. Sampuli nyingine kutoka magenge ya sokoni hazikugeuka manjano hata chembe. Ilinilazimu kuandika sifuri, kwa wino, mwenye duka akinikodolea macho. Na ile chumvi inayolia ilirudi tena: kinachotiwa ni potasiamu ayodeti, si ayodaidi, kwa sababu ayodeti huvumilia chumvi mbichi yenye unyevu, na ayodaidi huharibika na kupotea.

Sasa nimestaafu, nipo Tabora, na wajukuu wa majirani huniletea daftari zao. Naona hesabu safi za titresheni za watoto ambao hawajawahi kushika byureti. Uliwahi kuwepo hata mtihani mbadala wa vitendo, karatasi na kalamu tu, kwa shule zisizo na maabara. Wakifika chuoni wanakuwa wengi kwa meza moja. Mmoja anapima, waliobaki wanadesa namba zake, na wote wanahitimu. Mimi shahada ya namna hiyo siiiti shahada ya kemia.

Kwa hiyo mzazi, kama una mtoto anayesoma kemia, shuleni au chuoni, usimuulize amepata ngapi. Muulize wiki hii ameshika nini kwa mkono wake. Akikujibu kwamba alikuwa anaangalia tu, nenda ukamwone mkuu wa shule au wa chuo.