Tupime Kabla ya Kuhukumu

Gari la safari lenye vitanda na jiko ndani yake huwa na betri mbili: moja ya kuwasha injini, na ya pili ya taa na friji. Taa zikififia au kuzimika usiku, watu husema upesi, "Betri imekufa," wakanunua nyingine. Sisi tuliozunguka vijijini kwa gari la namna hiyo katika kazi ya kanisa, twajua ya kuwa bei ya betri ni sadaka ya Jumapili nyingi. Tena tumeona betri nzima ikitupwa kwa hukumu ya haraka.

Basi, yatupasa kupima kwanza. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa, ikiisha kupumzika saa kadhaa, huonyesha kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, imepungukiwa na chaji, wala si lazima iwe imekufa. Kipimo kikiwa chema, huenda kosa li njiani. Tutazame fyuzi, kisha vichwa vya betri, maana mara nyingi hufunikwa na unga mweupe au wa kijani uzuiao umeme. Tufungue waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya. Tuoshe kwa maji ya magadi, tukaushe, tukaze, wa hasi ukiwa wa mwisho. Tena tukague waya ulioungwa na bodi ya gari. Kutu hapo yaweza kuzima taa zote.

Ndugu, hata mwenzetu aliyepoa kanisani tusimhesabu kuwa amekufa, kabla hatujatazama ni wapi upendo ulipokatika.