Nilimzima Baba Mdogo Sauti

Wasee, hii nimekaa nayo tangu Disemba. Wacha niiseme tu.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili nikarudi Homa Bay na simu moja na stendi ya kuishikilia. Mathe akiulizwa nafanya nini, hadi leo anajibu, "Anangoja kurudi shule." Sasa Disemba nikapanda matatu hadi Rongo, nikapanda ingine hadi Awendo, kwa baba mdogo. Yeye hupiga nyatiti. Matanga zaidi, juu kwa harusi siku hizi wanaita DJ.

Kama hujawahi kuiona nyatiti karibu: ni nyuzi nane juu ya bakuli la mbao lililowambwa ngozi. Mpigaji anaketi chini kabisa, kwa kigoda kifupi. Kidole gumba cha mguu kimevaa pete ya chuma na anagonga nayo mti wa ala, huku njuga zikilia mguuni. Yaani mtu mmoja ni nyuzi, ni ngoma, na bado anaimba. Wazee husema nyuzi nne ni za siku nne za kwanza za mtoto wa kiume, na nne zile zingine ni za siku nne za kumlilia akifa.

Nikamrekodi dakika nane. Usiku nikihariri nikaona klipu ina kuku, ina pikipiki ya jirani, na katikati mzee anakohoa. Nikazima sauti yote. Nikaweka Kothbiro ya Ayub Ogada, ile ya "mvua inakuja", nikakata ikabaki sekunde thelathini. Asubuhi watazamaji 80,000. "Mzee ana roho." "Nimelia." Hakuna hata mmoja aliyeona vidole haviendi na wimbo.

Ikabidi nimsome huyo Ayub vizuri, kwa sababu watu walikuwa wananiuliza na mimi nilikuwa najua wimbo mmoja tu. Alizaliwa Mombasa 1956, akiitwa Job Seda. Miaka ya sabini alikuwa na bendi ya Black Savage, baadaye African Heritage. Kwenye filamu ya Out of Africa ya 1985 yumo pia, kama mwigizaji. Halafu 1986 akabeba nyatiti akaenda London, na kazi aliyopata huko ni kupiga kwa stesheni za treni za chini ya ardhi, watu wakipita wakimrushia sarafu. Hebu fikiria simu ya nyumbani siku hiyo. "Unafanya nini huko?" "Napiga nyatiti kwa stesheni." Mathe wangu angezimia.

Hapo kwa stesheni ndipo aliposikika, na 1988 akawa kwenye tamasha la WOMAD. Albamu yake En Mana Kuoyo ikatoka 1993 chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Kothbiro ikaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener, 2005. Mwaka wa 2018 Kanye West akachukua kipande cha rekodi ile ya zamani ya Black Savage akakiweka kwa Yikes, na ndipo wengi wetu tukajifanya tulikuwa tunaijua. Ayub alifariki Februari 2019, huku nyumbani, Nyahera, Kisumu.

Watu hupenda kusema "aligunduliwa" Uingereza. Hilo neno linanikera. Alikuwa amepiga muziki zaidi ya miaka kumi hapa, tukimpita kama wale abiria wa London, na wale angalau walirusha sarafu. Lakini siwezi kukasirika sana, kwa sababu mimi nilikuwa na mpiga nyatiti mbele yangu, wa damu yangu, na kitu cha kwanza nilifanya ni kumnyamazisha.

Alikuja kuiona klipu kwa simu ya jirani. Akanipigia.

"Wuoda, vidole ni vyangu. Hiyo sauti ni ya nani?"

"Ya Ayub Ogada, Baba."

Akanyamaza kidogo. "Ayub alipoenda kwa wazungu alibeba sauti ya nani?"

"Yake."

"Haya." Akakata.

Ningejitetea niseme ni algoridhimu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kohozi, kuku, ile sauti kavu ya chuma kwenye mti. Niliona itaonekana kama kijiji. Nikataka nyatiti iliyooshwa.

Ile klipu nimeitoa. Nimeweka dakika zote nane, na kikohozi kikiwemo. Kufikia leo watazamaji ni 412, na mmoja amelalamika kuhusu kuku. Baba mdogo ameniagiza nyuzi za nailoni, zile za wavuvi, anasema za Homa Bay ni ngumu kuliko za Awendo. Jumamosi nampelekea.