Msalaba wa shaba wa mzee wa Katuba

Mzee mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, alikuwa na msalaba wa shaba kwenye ukuta wa sebule. Si msalaba wa kanisa. Ni ule wenye mikono minne inayolingana, kama herufi X, ambao wengi wanauita kruazeti na wengine handa. Baba yake ndiye aliyeuacha, na nyumbani ilisemwa siku zote kwamba ni feza ya bankambo.

Mwaka huu mjukuu wake anamaliza sekondari, na minervale haijakamilika. Akapatikana mnunuzi aliyeahidi bei nzuri, mradi msalaba uwe wa zamani kweli. Mzee akaufunga kwenye kitambaa na kwenda kwa fundi anayeyeyusha shaba karibu na soko la Kenya.

Heshima ya msalaba huu si ya hadithi tu. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale huko Sanga, kwenye ziwa Kisale, na misalaba ya shaba ilikutwa humo. Baadaye Pierre de Maret alionyesha kwamba kadiri karne zilivyopita, misalaba ilizidi kuwa midogo na kufanana, dalili kwamba ilitumika kama fedha. Na Katanga ilipojitenga kati ya 1960 na 1963, msalaba huo uliwekwa kwenye bendera, tena kwenye sarafu za 1961 za franka 1 na franka 5.

Fundi aliugeuza msalaba juani, mara mbili, bila kusema kitu.

« Papa, tazama, » akasema mwishowe. « Bankambo walimimina shaba katika shimo la wazi. Upande wa juu, uliopigwa na hewa, unabaki na mikwaruzo na vitundu. Wako uko laini pande zote mbili. Umetoka katika kisanduku cha mchanga chenye vipande viwili. »

Akaonyesha pembeni: mistari midogo ya tupa. Akasugua kwa kidole kilicholowa maji, na rangi ya kijani ikatoka kidogo. Kwenye shaba ya kale, alieleza, kijani kimeingia ndani ya vitundu, hakitoki hivyo. Halafu akatoa misalaba mitatu ya kwake, anayowauzia wageni. Yote ilikuwa na kovu moja, mahali pamoja, kwa sababu ilitoka kwenye kielelezo kimoja.

« Mimi ninawaambia watu ni ya juzi, » akasema. « Kuna wanaoipaka chumvi na kuizika ardhini, halafu wanasema ni ya bankambo. »

« Basi baba yangu alidanganywa, mwanangu? »

Fundi hakujibu haraka. Akauliza baba alifanya kazi gani. Mzee akasema alikuwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Union Minière, pale penye bomba refu la moshi. Kisha akakumbuka tupa moja nzito iliyokaa miaka yote katika sanduku la nyumbani.

Jambo hili si la Katanga peke yake. Katika karne ya 3, nchi ambazo leo ni Ufaransa na Uingereza zilikosa sarafu ndogo za Roma. Mafundi wa huko wakatengeneza za kuiga, zenye sura ya mfalme Tetricus iliyochorwa ovyo na herufi zisizosomeka, na watu wakanunua navyo vitu. Leo wataalamu wanazitambua kwa sura, uzito na maandishi, lakini hawazichanganyi na zile zinazotengenezwa sasa ili kumwibia mnunuzi. Mwigo una sababu yake, na sababu ndiyo ya kuuliza kwanza.

Mzee alirudi kwa mnunuzi na kumweleza yote. Angeweza kunyamaza, kwani mnunuzi hakujua kutofautisha. Bei ikashuka hadi ikawa ya shaba ya mizani. Mzee akaufunga msalaba kwenye kitambaa chake.

Jioni ile, minervale ikiwa bado inatafutwa, mjukuu aliuliza ni nani basi aliyeutengeneza. Mzee akaleta ile tupa na kuiweka juu ya mistari iliyo pembeni.