Vitabu vya Mtunga Programu ni Elimu na ni Mali



Kila mwenye fani ana vyombo vyake. Seremala ana randa na msumeno, mvuvi ana nyavu, mshoni ana cherehani. Akifariki mmoja wao, ndugu hawapati taabu kujua alichokiacha, kwani kila mtu aijua randa kuwa ni randa, na bei yake huulizwa sokoni. Walakin imezuka katika zama zetu fani ambayo vyombo vyake ni vigumu kutambulikana na watu wa nyumbani, nayo ni fani ya kutunga programu za kompyuta. Kompyuta ya mtu wa fani hii twaiona, na kila mtu aithamini. Lakini ubavuni mwake aghalabu pana rafu ya vitabu vinene vya Kiingereza, vimejaa alama na tarakimu, ambavyo mama yake, mkewe na wanawe hawajui vina kazi gani. Khabari ya vitabu hivyo ndiyo tutakayoizungumza mwezi huu, kwa sababu tumeona kwa macho yetu jinsi vinavyokaribia kupotea, na haki za watu zikataka kupotea pamoja navyo.

Wako wasemao kwamba mtunga programu hana haja ya kitabu, maadam kila kitu kimo katika intaneti, na siku hizi hata programu za akili unde hujibu kila aulizwalo mtu. Neno hili lina nusu ya ukweli. Jibu la swali dogo hupatikana humo kwa dakika moja. Lakini misingi ya fani hushikwa kwa kukaa na kitabu kizima, toka mwanzo hata mwisho, kama vile mwanafunzi wa chuo asivyoweza kuijua nahau kwa kuokota mstari mmoja hapa na mwingine kule. Ndiyo sababu vijana wa fani hii hujinyima wakanunua vitabu ambavyo huuzwa kwa makumi ya dola za Kimarekani kila kimoja, kisha wakalaumiwa nyumbani kwamba wanatupa fedha.

Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, alikuwa mmoja wa vijana hao. Alifanya kazi yake Dar es Salaam, akafariki akiwa na umri wa miaka 41. Baba yake alikwisha tangulia. Aliacha mama, mke, binti mmoja na mtoto mmoja wa kiume ambaye bado hajabaleghe. Pamoja na vyombo vya nyumba, yaliletwa kwetu Tanga maboksi manne ya vitabu, jumla yake 63. Katika kikao cha ukoo mmoja wa ndugu alisema viuzwe kwa kilo kwa wauza karanga, maana karatasi yake ni nzuri. Mwingine, mwenye nia njema, akasema la, vitolewe wakfu katika shule, viwe sadaka yenye kuendelea kwa marehemu. Mjane alinyamaza, naye alikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa na watoto wa kusomesha.

Tulipoulizwa shauri letu, tuliyakataa yote mawili. Elimu yetu sisi ni ya chuoni na ya shule ya msingi, na vitabu vile hatukuweza kusoma hata anwani zake sawasawa. Lakini mambo mawili tuliyajua. La kwanza, mali ya yatima haitolewi sadaka na mtu mwingine, hata akiwa ami yake, hata nia yake ikiwa safi kama maziwa. Mwenye kupenda kutoa na atoe katika fungu lake. La pili, kitu kikiuzwa na asiyekijua huuzwa kwa bei ya karatasi. Basi tukaomba aitwe mtu wa fani, na akaja kijana aliyekuwa akifanya kazi pamoja na marehemu, akakaa nasi siku mbili.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufungua jalada la kila kitabu. Akaona vitabu 3 vina majina ya watu wengine, maana yake vimeazimwa. Hivyo vikawekwa kando virudishwe kwa wenyewe, kwani si mirathi. Vilivyobaki, 60, akavigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa la vitabu vilivyokufa. Sisi hatukujua kwamba kitabu cha elimu chaweza kufa, lakini fani hii ina vitabu vya namna hiyo. Kitabu kifundishacho chombo fulani huishi kwa kadiri ya chombo chenyewe. Palikuwa na vitabu vya kufundisha Flash, programu iliyotumika sana zamani kutia picha zenye kutembea katika kurasa za intaneti; kampuni ya Adobe iliyoimiliki iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020, na elimu ya vitabu vile ikazimika nayo. Palikuwa na vitabu vya lugha ya Python katika toleo lake la 2, ambalo watunzaji wake waliacha kulishughulikia tarehe 1 Januari 2020. Vitabu 17 vilikuwa vya fungu hili. Hivyo kuuzwa kwa kilo hapana ubaya.

Fungu la pili lilikuwa la vitabu 35 vilivyo hai, navyo ni vile vifundishavyo misingi. Katika hivyo kijana alitutolea kimoja cha Fred Brooks wa Marekani, kilichochapwa mwaka 1975, na watu wa fani wangali wakikisoma. Brooks alikuwa mkuu wa kazi kubwa ya kutunga mfumo wa kuendeshea kompyuta za kampuni ya IBM, naye alieleza humo kwamba kazi ya programu ikichelewa, kuongeza watu huichelewesha zaidi, kwa sababu wageni hapana budi wafundishwe na wenyeji, na mazungumzo baina ya watu huzidi kuliko kazi. Jambo hili hata mpishi wa karamu alijua.

Kisha akatuonyesha majuzuu ya Donald Knuth, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mtu huyu alianza kazi ya kitabu chake mwaka 1962. Juzuu ya kwanza ikatoka 1968, ya pili 1969, ya tatu 1973. Watu wakangoja. Sehemu ya kwanza ya juzuu ya nne ikatoka 2011, na sehemu ya pili 2022. Na kitabu hakijakwisha. Ada yake hadi mwaka 2008 ilikuwa kumpa hati ya malipo ya dola 2 na senti 56 kila amwonyeshaye kosa katika kitabu chake, na waliopata hati zake za malipo wengi wao hawakuzipeleka benki, wamezitia katika fremu ukutani. Tulipendezwa na ada hii, kwani mwalimu ashukuruye kusahihishwa ni adimu.

Kilichotugusa zaidi ni kwamba mwanzoni mwa juzuu ya kwanza Knuth ameeleza asili ya neno algorithi, ambalo maana yake ni utaratibu wa kufanya jambo hatua kwa hatua mpaka likamilike, na ambalo ndilo moyo wa fani yote hii. Neno hilo limetokana na jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Maamun, katika karne ya tisa ya miladi. Kitabu chake cha hesabu za tarakimu kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake likatamkwa kwa ulimi wa Wazungu hata likawa jina la elimu yenyewe. Dada yetu, aliyekuwa akiviita vitabu vile "mizigo ya mwanangu", aliposikia jina hilo alikiomba kitabu akakipakata.

Tukaonyeshwa tena kitabu chenye khabari ya ajabu. Mwalimu John Lions, wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, alitaka kuwafundisha wanafunzi wake mfumo uitwao Unix. Mwaka 1976 akatayarisha vitabu viwili: kimoja kina maandishi ya mfumo wenyewe, yapata mistari elfu tisa, yenye nambari kila mstari; na cha pili ni maelezo yake, yakifuata nambari zile zile. Msomaji aliyepita chuoni atafahamu mara moja: kile ni matni, na hiki ni sharhi. Mwaka 1979 kampuni ya AT&T yenye kumiliki mfumo ule ilitoa toleo jipya kwa sharti kwamba maandishi yake yasifundishwe madarasani, na vitabu vya Lions havikuruhusiwa kuchapwa kwa wote. Wanafunzi wakavitoa nakala kwa mashine, na nakala ya nakala, mpaka herufi zikafifia, navyo vikaenea duniani kwa njia hiyo. Mwaka 1996 ndipo vilipochapwa kwa idhini. Lions mwenyewe alifariki mwaka 1998.

Fungu la tatu lilikuwa vitabu 8 ambavyo marehemu alikuwa ameviandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Kimoja ni kitabu cha lugha ya C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie, kilichotoka mara ya kwanza 1978 na toleo la pili 1988. Hakifiki kurasa 300, na lugha hiyo yaendelea kutumika mpaka leo. Humo mpwa wetu alikuwa akijifasiria kwa Kiswahili: hapa ameandika "angalia, hesabu huanza sifuri", na pale "nilikosea hapa siku tatu". Sisi tuliosoma vitabu vyenye hashiya twajua kwamba hashiya ni mwanafunzi akizungumza na kitabu. Kiingereza cha kile kitabu hatukukijua, ila ile hashiya tuliisoma yote.

Baada ya hayo vikatiwa thamani, kwa bei ambazo watu wa fani hiyo Dar es Salaam walikuwa tayari kutoa. Bei ya vile vilivyo hai ilishangaza kikao. Mtu aliyetaja karanga hakusema tena. Deni likalipwa kwanza, kisha mjane akapata thumuni yake, mama sudusi yake, na kilichobaki kikawa cha watoto, fungu mbili kwa wa kiume na moja kwa binti. Binti, ambaye yuko kidato cha pili, akaomba vile 8 vyenye maandishi ya baba yake vihesabiwe katika fungu lake. Mmoja wa jamaa akauliza mtoto wa kike atavifanyia nini. Tukamjibu kwamba mirathi haiulizi mtu atafanyia nini haki yake; na kama wataka kujua, ngoja miaka michache umwulize yeye. Vikatiwa thamani kama vinginevyo, akapewa. Mwenye nia ya wakfu naye alinunua vitabu viwili kwa fedha yake akavipeleka shuleni, na hiyo ndiyo sadaka.

Likabaki jambo moja. Marehemu alikuwa na daftari la kuazimisha, na ndani yake vilikuwamo vitabu 5 vilivyo mikononi mwa watu. Vitatu vilirudi. Kimoja kilipotea, aliyekiazima akalipa. Cha tano, aliyekichukua tumempelekea maneno mara tatu na hajajibu mpaka leo. Huenda adhani kwamba deni la kitabu hufa na mwenye kitabu. Haliko hivyo, limehamia kwa mayatima.

Basi enyi vijana mnaojishughulisha na fani hii, na fani nyingine zenye vitabu mfano wake, twawanasihi haya. Msinunue kitabu ili kionekane rafuni. Mfano wa punda na mzigo wa vitabu sote twaujua. Nunueni kwanza vile vya misingi vikaavyo miaka, na vile vya chombo cha leo viazimeni, au visomeni katika intaneti kwa njia ya halali. Viko vitabu bora vilivyotolewa bure na wachapaji wenyewe, kama kile cha Abelson na Sussman, walichofundishia katika chuo cha MIT. Andikeni majina yenu katika vitabu vyenu, na majina ya mnaowaazima. Wekeni orodha ya vitabu, na pembeni mwa kila kimoja neno moja: kiko hai, au kimekufa. Na ikiwa mwapenda vitabu vyenu viwe wakfu baada yenu, yasemeni hayo mkiwa hai na muyaandike katika wasia, usiopita theluthi ya mali. Kwani mkisha kufa, hata wapenzi wenu hawataweza kuwafanyia pasipo kugusa haki ya mtoto.

Nanyi wazazi na wake, mkimwona kijana ameleta kitabu kingine, msiseme ni takataka. Mwulizeni ni kitabu cha nini, naye awaeleze kwa lugha mnayoifahamu. Akishindwa kukieleza, labda hajakisoma. Na akiweza, nyumba nzima itakuwa imepata faida, na siku ya kugawa mali hamtahitaji kungoja mgeni wa kuwaambia kilichomo ndani ya maboksi.

Haya ndiyo tuliyoona yafaa kuwaeleza, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.